Felismina Aliyewaimbia Askari wa Ng'ambo

Mtwara mjini, pale Chikongola hata Magomeni, utawasikia watu wakisema kwamba askari weusi wa Mreno waliokuwa kambini ng'ambo ya Kilambo walitolewa na spika kubwa iliyoletwa na gari. Waongo. Spika ilipokuwa inalia nilikuwepo, na hakuvuka hata kuku. Aliyewatoa ni mwanamke mmoja mkulima wa muhogo, jina lake Felismina, na nitaeleza alivyowatoa kwa sababu nilisimama naye mchangani katikati ya Ruvuma, bunduki zikitutazama. Ambaye hakuwepo na anyamaze.

Mimi ni Somoe binti Athumani, mzaliwa wa Kilambo. Felismina ni Mmakonde wa ng'ambo. Alivuka kuja kwetu mwaka sitini na nne, vita vya kwao vilipoanza, ana mtoto wa kike mgongoni na jembe lisilo na mpini. Mtoto wake mkubwa, Alfredo, wa miaka kumi na miwili, alimwacha. Usiharakishe kumlaumu. Wakati ule Alfredo alikuwa ndani ya likumbi, ndiyo kambi ya jando ya Wamakonde, huko porini. Kwa mila yao mtoto akishaingia likumbi hatolewi mpaka siku yake ifike, na mwanamke hakanyagi mle hata kama nyumba inaungua. Mama husimama mbali akaimba, ili mtoto ajue mama yake yu hai, na mtoto humjibu kwa kugonga vijiti. Siku ya mwisho mama huimba wimbo wa kumtoa. Mtoto akiusikia anaweka chini kila alichoshika, anatoka mwenyewe kwa miguu yake, mama anampokea mbele ya watu, ananyolewa, anapewa nguo mpya na jina jipya. Hapo ndipo anakuwa mtu mzima.

Ndugu zake walimwambia Felismina, "Kimbia, Wareno wanachoma vijiji, mjomba atamtoa mtoto." Akatii. Mjomba alimtoa kweli. Lakini wimbo wa mama haukuimbwa, na jambo hilo lilimkaa Felismina kama mwiba wa samaki kooni miaka tisa.

Shamba lake lilipakana na mikorosho yangu. Mwaka wa kwanza hatukupatana, maana mbuzi wangu alikula muhogo wake, naye akamfunga siku mbili. Nilipokwenda kumdai kwa makelele aliniambia, "Mbuzi wako ana adabu kukuzidi. Yeye alipoingia alisema mee." Nikacheka bila kutaka. Tangu hapo tukawa mashoga.

Basi mwaka sabini na tatu, kiangazi, mchuuzi mmoja wa samaki wakavu alikuja na habari. Alfredo yuko kambini kwa Wareno, palepale ng'ambo yetu. Walimkamata kwa nguvu katika kijiji kilichozungushiwa seng'enge, wakamvisha magwanda, wakampa bunduki. Felismina alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akaenda kulima. Alilima mpaka jua likashuka. Kisha akaja kwangu, akaonyesha kidole mtoni.

"Unaona ule moshi?"

"Wa jiko la Wareno."

"Mwanangu anakula hapo."

Sote tulijua jambo moja. Wapiganaji wa ukombozi walikuwa wanapita kwetu, na vijana hawana siri. Walikuwa wamesema kambi ile wataipiga kabla ya mvua. Kwa hiyo Alfredo alikuwa na miezi miwili. Atoke mwenyewe, au afe kwa risasi za ndugu zake akiwa amevaa nguo za Mreno.

Wakati huo ndipo spika ilipokuja. Aliileta Ndugu Erasto, kijana wa ofisi moja mjini, suruali imepigwa pasi mpaka unaogopa kuigusa. Alikusanya wanawake ishirini, tukavishwa kanga za sare, tukafundishwa wimbo wa mwendo wa kijeshi aliotunga mwenyewe: vibaraka, vibaraka, siku zenu zimekwisha, mtakufa kama nzi. Spika ikaelekezwa ng'ambo. Tukaimba mpaka mishipa ikatoka.

Wale askari weusi wakaja ukingoni kwao kutazama. Mara Wareno nao wakafungulia santuri ya kodiani, na wale vijana wakaanza kucheza, wanashikana viuno, wanapiga makofi, wanatuitia, "Tena! Tena!"

Erasto alikuwa anaandika katika daftari. Nikamuuliza anaandika nini.

"Naandika kwamba adui ametikisika."

Felismina akasema, "Ametikisika kweli, Ndugu Erasto. Kiuno."

Wanawake tuliangua kicheko. Erasto akanuna. Felismina hakucheka, akamsogelea, akamwambia kwamba yeye anao wimbo. Mwanamume yeyote wa Kimakonde akiusikia hachezi, kwa sababu ameusikia mara moja tu katika maisha yake, siku ya kutolewa likumbi.

"Mama," Erasto akasema, "hayo ni mambo ya kizamani. Sisi hapa tuko vitani."

"Nyinyi mko vitani. Mimi nataka mtoto."

Kesho yake Erasto alipakia spika yake akaenda kijiji kingine. Felismina hakujali. Aliyemhofia alikuwa mwingine, Mzee Kasiani, ngariba wa Wamakonde waliokimbilia kwetu, mtu mkavu, maneno yake machache na yote makali. Tulikwenda kwake pamoja, Felismina amebeba kuku.

Mzee alisikiliza, kisha akasema, "Haiwezekani. Wimbo wa kutoa haimbiwi mwanamume aliyekwisha kutoka. Ukimwimbia umemrudisha ndani. Umemvua utu uzima wake mbele ya wenzake."

"Alfredo hajatoka. Mama yake sikuwepo."

"Alitolewa na mjomba. Amekwisha kuwa mtu. Sasa wewe umwimbie, halafu asivuke? Akifa mle, atakuwa amekufa mtoto. Hataliliwa na mtu kwa jina lake, hatawekewa matanga ya mwanamume. Umelifikiria hilo?"

"Nimelifikiria."

"Na wenzake? Kila Mmakonde aliye mle utakuwa umemrudisha ndani. Nao wana mama zao."

"Mama zao wengine nachota nao maji hapo kisimani, Mzee. Nimekwisha kusema nao."

Mzee Kasiani akatema mate pembeni. "Mimi siutoi wimbo huo."

"Sikuja kuuomba. Wimbo ni wa mama. Nimekuja kukuambia uandae wembe."

"Na kuku ni wa nini basi?"

"Wa adabu."

Tulipokuwa tunaondoka alituitia kwa nyuma, "Felismina! Asipovuka, nisikuone hapa kwangu unalia!"

Njiani nilimwambia, shoga, mzee anasema kweli, hili ni jambo zito. Akasimama. "Somoe, mtu anayebeba bunduki ya mwingine akawawinda ndugu zake, huyo hajatoka. Yumo ndani bado. Afadhali aambiwe na mama yake kuliko aambiwe na risasi."

Sasa pale Kilambo mto hufuata bahari. Wakati wa bamvua, saa nne hivi za asubuhi, maji yanakupwa sana na fungu la mchanga linatoka katikati, unaweza kulifikia maji yakiwa mapajani. Ukiwa juu ya fungu unaona mpaka vifungo vya mashati ya watu wa ng'ambo, na wao wanaona vyako. Siku ya kwanza ya bamvua tulikwenda wanawake saba, sita wenye watoto au wapwa mle kambini, na mimi. Mimi sikuwa na mtu. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa nimesema nitakwenda, na nikisema nimesema.

Felismina alisimama mbele, akaimba. Kwa Kimakonde ni utamu mtupu. Mimi naandika kwa Kiswahili ili kila mtu apate:

Wewe uliye ndani, mama yuko nje.
Damu imekauka, mama yuko nje.
Fimbo uliyoshika si yako, iweke chini.
Uji unapoa, mama yuko nje.

Ile fimbo aliiongeza yeye. Kisha kila mwanamke akataja lake: mwana wa Rozalia, mwana wa Joana, mwana wa Felismina, na wote tukaitika, mama yuko nje.

Santuri ya Mreno ilianza kulia, mara ikanyamaza. Hakuna aliyecheza. Kijana mmoja alikuwa anafua shati, akasimama nalo linamchuruzika maji miguuni, na hakulikamua. Wengine waliingia ndani wakiinamisha vichwa. Siku nzima kambi ile ilikuwa kimya kama nyumba yenye mgonjwa.

Siku ya pili walitupiga risasi. Nilijitupa mchangani, kanga yangu ikaenda na maji, nikasoma kila aya niliyofundishwa. Nikasikia juu ya kichwa changu, "Somoe, inuka. Unalala nini, wimbo haujaisha."

"Wanapiga!"

"Wanapiga maji. Tazama. Wangetaka kutupata wangetupata, tumesimama kama mibuyu. Inuka, na ufunge nguo, unatia aibu."

Nikainuka. Tukamaliza wimbo.

Siku ya tatu Felismina alipotaja jina lake tulisikia, ko, ko, ko. Kitu kinagongwa. Akanyamaza, akarudia, na ng'ambo wakarudia, ko, ko, ko, mtu anagonga kijiko kwenye kopo la chakula la kijeshi. Mwana wa Felismina! Ko, ko, ko! Alikuwa anajibu kama anavyojibu mtoto wa likumbi. Halafu kopo la pili, la tatu, kambi nzima ikawa makopo, na mzungu mmoja anakimbia huku na huku anapiga kelele, hajui amnyamazishe nani. Felismina alikuwa analia na anaimba kwa pamoja, na sauti yake haikutetereka. Sijui aliwezaje.

Kisha yakaja maji mafu, yasiyokupwa sana. Fungu halikutoka siku nane. Ndizo siku ngumu kuliko zile za risasi, maana hatukuimba na hatukusikia kitu. Mzee Kasiani alipita shambani mara mbili, akatazama mtoni, akaenda zake.

Bamvua iliporudi, siku ileile ya kwanza, kabla hatujafika hata mchangani, tuliwaona. Wanaume tisa wanavuka mchana kweupe, mashati kichwani, mikono mitupu. Hata mmoja hakubeba bunduki. Waliziweka chini ukingoni kwao, kama wimbo ulivyowaambia. Wanawake walipiga vigelegele mpaka ndege wa mikokoni wakaruka. Kila mmoja akamkumbatia wake, Rozalia akamkumbatia wa mwenzake kwa makosa, wakabadilishana.

Felismina alitazama uso mmoja baada ya mwingine. "Wangu yuko wapi?"

Wale vijana walitazama chini. Mwana wa Rozalia akasema, "Mama, Alfredo ndiye aliyeanza kugonga. Wamemfungia stoo. Sisi tumepata nafasi Wareno walipokwenda kupokea mizigo."

"Mkamwacha."

"Ufunguo anao mlinzi, Omari, Mmakua wa mbali huko kusini. Tulimsihi. Akatuambia, nyinyi mna mama wanaowaita. Mimi mama yangu amekufa. Nikivuka nitakuwa msaliti wa huku na mgeni wa huko, nani atanipokea?"

Wanawake walianza kuwavuta watoto wao, twendeni, twendeni, Wareno wanarudi. Nao walikuwa na haki. Tukabaki wawili juu ya mchanga. Felismina akanigeukia.

"Somoe, una mtoto wa kiume?"

"Unajua sina. Nina Zuhura peke yake."

"Sasa unaye. Anaitwa Omari."

"Felismina, mimi si Mmakonde. Mimi Mwislamu."

"Naye Mwislamu. Jando hamna nyinyi?"

"Tunalo."

"Basi mwimbie mwanao."

Sauti yangu ni ya kuitia kuku, sifichi. Lakini nilimwimbia. Omari uliye ndani, mama yuko nje. Somoe wa Kilambo, mama yuko nje. Nina nyumba, nina mikorosho, mama yuko nje. Nikajikuta nataja vitu vyangu vyote, mpaka kinu. Felismina anaitika, sauti imeanza kumkauka. Tuliimba siku ile na ya pili yake, sisi wawili, mbele ya wazungu waliokuwa wamekwisha kurudi na hasira zao. Mmoja wao, kijana mdogo mweupe, alikaa ukingoni na bunduki mapajani, mkono shavuni, akatusikiliza mpaka tukaondoka.

Siku ya tatu maji yalikuwa yamekwisha kuanza kujaa nasi bado tuko pale, yanatufika vifundoni. Nilimwambia Felismina, twende, fungu linazama. Aliendelea kuimba, na sauti ilikuwa mkwaruzo tu. Ndipo huko chini, kwenye mikoko, wakatoka watu wawili mbio. Mmoja anachechemea. Mwingine anamshikilia, ufunguo unaning'inia shingoni kwa kamba.

Wakaingia majini. Mkondo ulikuwa umegeuka na unavuta. Yule wa ufunguo hajui kuogelea, niliona palepale, anashika maji kama anashika ngazi. Risasi zikaanza, na safari hii hazikupiga pembeni.

Felismina hakusogea. Nilimpigia kelele, "Mwanao anazama!" Akatikisa kichwa. Mama hamfuati mtoto ndani, na wimbo haukatwi. Akimfuata, hakutoka, ametolewa, na miaka tisa yote imepotea bure. Alisimama maji magotini, mikono ameinyoosha, anaimba kwa sauti isiyokuwepo, mama yuko nje, mama yuko nje, na nilimwona anajizuia kama mtu anayezuia mlango usifunguke.

Mimi si Mmakonde. Mila ile hainifungi. Niliingia majini na kanga zangu, nikamkamata Omari kola ya shati, nikamburuta. "Njoo hapa wewe! Nimekuimbia siku tatu halafu uje uzame mbele yangu?"

Na Alfredo alifika peke yake. Alianguka mara mbili, akainuka mara mbili, akapanda mchangani kwa miguu yake, mikono mitupu, akasimama mbele ya mama yake. Mwanamume mrefu. Alimwacha akimfika kifuani, sasa anainua shingo kumtazama. Felismina akamaliza ubeti. Ndipo akamshika.

Ng'ambo risasi zilikuwa zimekoma. Sijui nani alizikomesha, na sijui yule kijana mweupe wa mkono shavuni alikuwa wapi.

Tulipofika ukingoni kwetu tulimkuta Mzee Kasiani amekaa kwenye kigoda, wembe umenolewa, bakuli la mafuta miguuni, amenuna kama amelazimishwa na polisi. Wale tisa wamekaa mstari mbele yake, hawajanyolewa.

"Walikataa," akasema. "Walisema hawatoki kabla ya mwenzao." Akamnyoa Alfredo wa kwanza, taratibu. Alipofika kwa Omari akasimamisha wembe. "Huyu mama yake nani?"

"Mimi."

"Wewe Somoe? Wewe ni wa Kilambo."

"Nyoa, Mzee. Acha maneno."

Akanyoa. Kila mmoja akapakwa mafuta, akapewa nguo na jina. Omari nilimpa jina la baba yangu, Athumani, na ndilo analoitwa mpaka leo. Siku ile tulicheza Wamakonde na sisi, hakuna aliyeuliza ngoma ni ya nani.

Kamanda wa wapiganaji alikuja baada ya siku chache, akasema vijana hawa wanajua kambi, tuwape bunduki waende mbele. Felismina aliongea kwa kunong'ona, maana sauti haikuwa imerudi. "Mtu aliyetoka likumbi leo haulizwi vita. Hulishwa." Kamanda akacheka, akakubali. Na wala hakuhitaji kupiga. Waliobaki kambini walikuwa wazungu wachache, wanajichotea maji wenyewe, wanajipikia wenyewe. Mvua za kwanza zilipogonga walipakia vitu vyao kwenye boti wakaenda zao. Bendera yao waliisahau. Haikupigwa hata risasi moja.

Hapo ndipo Ndugu Erasto aliporudi na mashine ya kurekodi. Kumbe habari ilifika mjini. Alitaka wimbo uende redioni, usikike kambi zote za juu ya mto. Akasema tutaongeza tu ubeti wa vibaraka.

"Huongezi," Felismina akanong'ona.

"Basi tungoje mpaka sauti yako ipone, mama. Hivi haifai, inakwaruza."

"Washa. Mama aliyemwita mwanawe mpaka akaja, sauti yake ni hii."

Akawasha. Felismina akaimba na ule mkwaruzo wake, karibu kabisa na mashine, na nyuma yake Alfredo akaanza kugonga kopo, ko, ko, ko, wenzake kumi wakafuata, kisha sisi wanawake na vifuniko vya sufuria, Mzee Kasiani na fimbo yake juu ya kigoda. Mshale wa mashine ukawa unarukaruka. Erasto alitaka kutunyamazisha, alinyoosha mkono kabisa. Alfredo akamtia kopo mkononi.

Aligonga.